Nyara 31 Zibaki 9: Karakana ya Iringa Kwenye Mizani

Nyumba za zamani za Mufindi, zile zenye meko ya kuni sebuleni na dari ya mbao, bado zina vichwa vya nyati na tandala vilivyopanga foleni ukutani. Nyumba zinarithiwa, nyingine zinageuzwa za wageni, na mwenye nyumba mpya anakosa nafasi, au anakosa moyo wa kunywa chai huku macho hamsini ya kioo yanamtazama. Karakana tunayoipima hapa iko Iringa mjini, upande wa Ipogolo, na kazi yake ni kupunguza: inashusha, inachambua, inageuza vichwa vikubwa kuwa pembe za ubao (pembe peke yake zilizofungwa juu ya ubao), inafungasha na kusafirisha kinachobaki.

Tuliifuatilia kazi moja tangu siku ya kuhesabu hadi mzigo wa mwisho uliposhushwa Dar es Salaam. Nyumba ilikuwa na nyara 31: nyati sita, tandala wakubwa wanne, pofu watatu, kuro watatu, kongoni watatu, ngiri watatu, swala pala watatu, palahala wawili, pongo wawili, chui mzima mmoja na ngozi moja ya pundamilia. Mwenye nyumba alitaka abaki na nyara tisa. Tuseme mapema: karatasi wanaziheshimu, pembe na ngozi wanazijua vizuri sana, lakini kufungasha ni udhaifu wao mkubwa.

Siku ya kwanza hakuna aliyegusa ngazi. Msimamizi aliomba faili. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu nyara nchini kwetu si samani. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka mwenye nyara awe na hati ya umiliki, na ukikutwa nayo bila hati, wewe ndiye utakayetakiwa kuonyesha ulivyoipata kihalali. Kosa la kukutwa na nyara za serikali limewafunga watu miaka 20, na linaweza kufika 30. Kusema kwamba mnyama alipigwa na babu zamani za Mwingereza hakukutoi mahakamani.

Orodha waliyoiandaa ilikuwa safi. Kila nyara ilipewa namba, jina la mnyama, aina yake (kichwa na mabega, fuvu, ngozi, mnyama mzima), urefu wa pembe kwa sentimita, na picha tatu: ya mbele, ya ubavuni, na ya mgongo wa ngao, yaani ule ubao unaobeba kichwa. Pembe ya tandala waliipima kwa kufuata mzunguko wake, si kwa kunyoosha futi kutoka shina hadi ncha, maana kwa njia hiyo ya pili namba inatoka pungufu na hailingani na iliyo kwenye hati. Picha ya mgongo wa ngao watu huiruka, na ndiyo yenye habari nyingi. Huko nyuma kuna lebo za karatasi, tarehe za penseli, wakati mwingine jina la karakana ya Nairobi. (Mtaa wa Zimmerman kule Nairobi umebeba jina la fundi Mjerumani wa kazi hii hii ya kujaza wanyama.) Lebo ya fundi inakuambia umri wa kichwa na sumu gani huenda imo ndani. Hati ni kitu kingine, lebo haiwezi kuziba nafasi yake.

Nyara 28 zililingana na karatasi. Pongo mmoja, ngiri mmoja na ile ngozi ya pundamilia havikuwa na hati yoyote. Karakana haikuvifuta hata vumbi. Walimwelekeza mwenye nyumba akatoe taarifa ofisi ya wanyamapori, na kwenye orodha wakaandika "haikuguswa". Ukikutana na fundi anayekuambia "tutazichanganya humo humo, mzee", mwambie ateremke kwenye ngazi yako.

Na usikimbilie kumpa shemeji kichwa cha kuro au kutupia picha kwenye kundi la WhatsApp ukitafuta mteja. Umiliki unahamishwa kupitia ofisi ya wanyamapori, iwe ni kwa mtu wa TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) au kwa ofisa wa wilaya ambaye wazee bado wanamwita bwana nyama. Na kuuza kunadai leseni ya biashara ya nyara. Vichwa vinne vya kazi hii vilikwenda chuoni kwa kufundishia, na gari halikuwashwa mpaka karatasi za kuhamisha zilipokuwa mkononi. Hilo lilichukua wiki tano. Mwenye nyumba alinung'unika. Hakuwa na haki ya kunung'unika.

Uchambuzi wenyewe ulifanyika kwa tochi, kibano na kidole. Tochi inamulikwa kutoka ubavuni, si usoni, ili kila ufa utupe kivuli. Mahali pa kwanza pa kutazama ni kona za macho, midomo, puani na shina la masikio: ngozi inaponywea, umbo la ndani halinywei nayo, hivyo ngozi huchanika pale ilipobanwa zaidi. Kisha wanashika nywele chache kwa kibano na kuvuta taratibu. Zikitoka kishungi, ngozi imekwisha. Ukiona unga kama wa mbao umedondoka juu ya ngao, au maganda madogo ya kahawia yenye vinyweleo, humo kuna wadudu wala-ngozi. Na pembeni mwa pembe wanatafuta vile vijibomba vya udongo udongo, vinene kama penseli, vilivyosimama juu ya pembe kama vidole. Hiyo ni kazi ya nondo wa pembe. Buu lake linakula pembe yenyewe kutokea ndani na kujijengea kijumba cha kutokea nje. Ukikuta kimoja, pembe igongwe kwa ukucha kote: palipolia debe ni patupu.

Vichwa vyote vitatu vilivyokuwa juu ya meko havikupona. Kuna imani kwamba joto la moto linakausha nyara na kuzitunza. Mufindi usiku wa Juni ni ukungu na baridi, ukuta unatoa jasho. Jioni moto unawashwa na ngozi inakaushwa kwa saa nne. Asubuhi inavuta unyevu tena. Huko kuvuta na kuachia kila siku kunapasua ngozi kuliko kiangazi chochote cha Iringa. Masizi yanamalizia kazi, kwa kuwa yana mafuta na hayatoki kwa brashi. Mahali pazuri ni ukuta wa ndani ya nyumba usiopakana na nje, mbali na dirisha la jua, ngao ikitengwa na ukuta kwa vipande vya kizibo (cork) vya sentimita mbili ili hewa ipite nyuma.

Hesabu ya mwisho: tisa zibaki kama zilivyo, kumi zigeuzwe pembe za ubao, nne ziende chuoni, tano ziharibiwe mbele ya ofisa kwa sababu ngozi na pembe vyote vilikuwa vimeliwa, na zile tatu zisizo na hati zisubiri taratibu. Chui, mmoja wa zile tisa, alibaki palepale alipo. Chui yumo kwenye orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambao Tanzania imo tangu 1979, na kumtoa nje ya nchi ni safari ndefu ya vibali isiyo na maana kwa mtu anayetaka tu nafasi ya kabati.

Sasa kugeuza. Hapa ndipo karakana inapostahili pesa yake, na ndipo wateja wengi wanapokosea matarajio. Watu wanadhani ndani ya kichwa kilichojazwa kuna fuvu zima, kwamba ukichuna ngozi utabaki na fuvu jeupe la kutundika. Kwa kawaida halimo. Kilichomo ni kipande cha juu tu cha fuvu, kilichokatwa pamoja na pembe, kimepigiliwa kwenye umbo la povu gumu kwa vichwa vya miaka ya karibuni, au la plasta, mbao na nyuzi za mbao kwa vile vya zamani. Kwa hiyo nyati wa mabegani hawezi kugeuzwa fuvu zima. Anaweza kugeuzwa pembe juu ya ubao, na hizo zinatoka ukutani kwa sentimita ishirini na kitu badala ya karibu mita nzima.

Fundi anaanza kwa kulaza kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kisogoni, kati ya pembe, kwa nusu saa. Ngozi ikilainika, mshono unaonekana: unashuka kisogoni ukigawanyika juu kuelekea kila pembe. Anakata uzi, hakati ngozi. Anaifunua kuzunguka mashina ya pembe mpaka kipande cha fuvu kinaonekana, na hapo kuna skrubu tatu au nne za kama inchi tatu. Zikiwa na kutu, tone la mafuta na subira ya usiku mmoja. Bisibisi ya umeme inakata kichwa cha skrubu na kukuachia tatizo jipya. Kama kipande kimezama kwenye plasta, plasta inakatwa kwa msumeno wa chuma taratibu. Nyundo hapana. Mtikisiko wake unapita kwenye maungio ya mifupa ya fuvu na kuyaachanisha.

Kosa kubwa zaidi ni kuning'inia kwenye pembe ili kung'oa. Pembe ya jamii ya ng'ombe na swala ni ganda lililovaa mfupa. Ukivuta, unabaki na ganda mkononi na mfupa umevunjikia ndani. Wakati mwingine ganda lenyewe lazima litoke ili pembe isafishwe, na hapo kwa tandala fundi alilifungua kwa kulizungusha kufuata msokoto wake, kama parafujo. Ndani kulikuwa na unga, vijibuu vilivyokauka na harufu ya kwato zilizoungua. Mfupa ulikatwa ukabaki kama theluthi moja tu ya urefu, inatosha kushika ganda, na hapo pa kuanzia wadudu pakapungua. Ganda likarudishwa kwa gundi ya epoksi ya sehemu mbili, alama ya kalamu ya kushoto ikikutana na ya kushoto. Alama hiyo iwekwe kabla ya kufungua. Tandala mmoja wa kazi nyingine tuliyoiona humo karakanani alirudishiwa pembe zikiwa zimepindia nje digrii kadhaa, na anaonekana kama ameshtuliwa.

Mfupa wa fuvu unasafishwa na kung'arishwa kwa haidrojeni peroksaidi ile ya saluni, volyumu 40, yaani asilimia 12, inayopakwa kwa brashi na kufunikwa plastiki saa kadhaa. Isiguse pembe, itaacha baka jeupe. Jiki tusiisikie kabisa: inaupa mfupa weupe wa siku chache, kisha inaula, na baada ya miezi mfupa unamomonyoka kama chaki. Karakana hii haitumii Jiki. Mwisho pembe zinapakwa nta ya samani kidogo sana. Mafuta ya nazi, ambayo kila nyumba inayapenda, yanachacha na kuita wadudu.

Kwa vichwa vinane vinavyobaki, tiba ya wadudu ni baridi. Kichwa cha nyati hakiingii kwenye friza ya nyumbani, kwa hiyo wanatumia boksi la gari la zamani la kubebea samaki lililofungwa mashine upya. Kila kichwa kinafungwa kwenye plastiki nzito, hewa inaminywa, mdomo wa mfuko unafungwa kwa tepu, kisha kinalala kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kikitoka, mfuko haufunguliwi kwa saa 24, vinginevyo unyevu wa hewa unaganda juu ya nywele baridi na umejiletea ukungu mwenyewe. Baada ya hapo kinarudishwa mara ya pili, kwa kuwa mayai yanayoponea mzunguko wa kwanza yanaanza kuanguliwa pale katikati. Wameweka kipimajoto ndani ya mfuko mmoja, si ukutani mwa boksi tu, na daftari la umeme: kila ukikatika na joto likipanda juu ya nyuzi 10 chini ya sifuri, siku zinaanza kuhesabiwa upya. Kwa umeme wetu, wiki nne ziligeuka karibu saba. Tungependa wamwambie mteja hivyo mwanzoni.

Kuhusu sumu tuna sifa moja na lawama moja. Kichwa chochote cha kabla ya miaka ya themanini kihesabiwe kina aseniki, maana mafundi wa zamani waliipaka kama sabuni upande wa ndani wa ngozi. Dalili ni unga mweupe mweupe kwenye mashina ya nywele, kwenye mishono na kuzunguka macho, ingawa kutoonekana hakumaanishi haumo. Mafundi walivaa glavu za naitrili na barakoa za kuchuja vumbi, zile ngumu, si za kitambaa. Ngozi zilizotolewa ziliwekwa mifuko miwili miwili na kuandikwa "sumu". Hakuna iliyochomwa, na hilo ni sahihi kabisa, kwani aseniki inapanda na moshi na kumwingia anayechochea moto. Wala hazikufukiwa karibu na kisima. Lawama: jioni, kijana mmoja alichukua ufagio wa chelewa akafagia sakafu ya sebule, barakoa ikiwa kidevuni. Kazi yote ya siku ikapanda hewani. Sakafu ya namna hiyo inafutwa kwa tambara bichi, na tambara linaingia kwenye mfuko uleule.

Tufike kwenye masanduku. Iringa na Mafinga ndiko kwenye paini na plaiwudi za nchi hii, Sao Hill iko hapo hapo barabarani, kwa hiyo hakuna sababu ya kubania mbao. Lakini vichwa vilivyokwenda Dar vilifungwa plastiki ya mapovu, vikazungushiwa tepu, vikalazwa kwenye Canter juu ya magodoro. Plastiki ya mapovu ikigusa nywele inashika jasho na kulaza manyoya. Tepu ikizunguka masikio inayakunja. Ukifika mlima Kitonga, zile kona zinakutikisa kwa kila upande, na ndivyo sikio la kulia la tandala lilivyovunjika kwenye shina.

Njia inayofaa si siri. Kichwa hakilazwi, kinaning'inizwa ndani ya sanduku kama kilivyokuwa ukutani. Ubao wa inchi mbili kwa nne unapigwa skrubu nyuma ya ngao, kisha ubao huo unapigwa kwenye ukuta wa sanduku kutoka nje, skrubu nne za inchi tatu kwa kichwa cha kawaida na boliti kwa nyati, ambaye kwa plasta ya zamani anapita kilo 30 bila shida. Kila upande pabaki sentimita nane tupu. Hakuna kinachogusa nywele, pua wala masikio. Kichwa kinafunikwa shuka jepesi la pamba, basi. Nje iandikwe upande wa juu, na sanduku lisafiri likiwa limesimama. Msimamizi alituambia sanduku kama hilo wanalitengeneza mteja akiomba. Liombe kwa maandishi.

Nyaraka halisi zilisafiri na dereva kwenye bahasha, siyo picha kwenye simu, na orodha ilibandikwa nakala juu ya kila mzigo. Kwenye vizuizi viwili vya barabara kuu waliulizwa, wakaonyesha, wakapita. Barabara hiyo inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilometa 50, na si mahali pa kuanza kupekua begi ukitafuta hati.

Bei walizotoza: kushusha na kuorodhesha, shilingi 15,000 kwa nyara, hivyo 420,000 kwa zile 28. Kugeuza kuwa pembe za ubao, 85,000 kila moja pamoja na ubao wa mninga, jumla 850,000. Kwa kazi ya siku mbili kwa kila kichwa ni bei ya haki. Baridi ni 40,000 kwa kichwa kwa mizunguko yote miwili. Sanduku la kuning'iniza ni 150,000, na hapo ndipo wateja wengi wanaposema "funga tu na godoro". Sikio la tandala kulitengeneza upya ni 120,000, na rangi ya kiraka bado inaonekana ukisogea.

Wakati wa kuwaita ni kuanzia Mei mvua zikikatika, maana kuanzia Novemba barabara za mashambani Mufindi zinateleza na unyevu unawafanya wakatae kufungua ngozi. Ukiwapigia hawatakupa tarehe wala makadirio. Watakuomba picha za hati kwanza, mbele na nyuma, na kama mhuri hausomeki watakuomba tena.